Namna ya Kusafiri Mbali katika Daraja la Biashara: Mwongozo kwa Msafiri Anayeanzia Mwanza

Mtu wa Mwanza, Geita au Musoma anayekwenda Guangzhou kununua mali ya duka, Mumbai kwa matibabu, au London kumtembelea mtoto aliye masomoni, huanza na kipande kifupi cha anga, kutoka uwanja wa ndege ulio kando ya ziwa wilayani Ilemela hadi Dar es Salaam, na huko ndiko safari yenyewe inakoanzia. Mwongozo huu unamhusu msafiri huyo pale anapofikiria kulipia daraja la biashara, au anapokuwa amekwisha kulipiwa na kampuni, na angependa kujua afanye nini ili fedha hiyo isipotee bure.

Msimamo ambao mwongozo wote unauegemea ni huu: kinachouzwa katika daraja la biashara ni usingizi. Vilivyobaki, yaani chakula cha kwenye sahani za kauri, kinywaji kabla ya ndege kuruka, taulo ya moto na foleni fupi, ni nyongeza nzuri, lakini mtu mwenye hesabu zake hawezi kulipa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya taulo.

Kitanda, na lini kina maana

Kiti kinacholala bapa kabisa hakikuwepo siku zote. British Airways ndilo shirika lililoanza kukiweka katika daraja la biashara mwaka 2000, na kabla ya hapo abiria wa daraja hili alipata tu kiti kipana kilichoegemea nyuma kuliko vya wenzake. Mashirika mengi ya safari ndefu yamefuata tangu wakati huo, ila si yote, wala si katika ndege zao zote. Kuna viti vinavyolala sambamba na sakafu. Kuna vinavyonyooka lakini vikabaki vimeinama, kiasi kwamba mlalaji huteleza taratibu kuelekea miguuni usiku kucha. Na kuna vinavyoegemea tu. Vyote vitatu huuzwa kwa jina moja, na mara nyingine kwa bei zisizopishana sana.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, pima urefu wa kila kipande cha safari na saa ambayo kinaanza. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni saa moja na nusu hivi kwa ndege ya jeti. Airbus A220-300 ya Air Tanzania ina viti 12 vya daraja la biashara, ambavyo ni vipana na vina nafasi nzuri ya miguu, lakini havigeuki kitanda, na hata vingegeuka usingepata muda wa kulala kati ya chai na kutua. Kutoka Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni kama saa 3, ambazo mtu mzima mwenye afya anaweza kuzivumilia katika kiti chochote. Kinyume chake, safari ya Guangzhou kwa Boeing 787-8 ya Air Tanzania, ndege yenye viti 22 vya daraja la biashara na 240 vya daraja la kawaida, huchukua takriban saa 10, na ile ya Istanbul huchukua takriban saa 7. Huko kitanda kina maana.

Ningemshauri mwenye fedha ya kipande kimoja tu achague kipande kirefu cha usiku cha kwenda, na kwingine kote asafiri daraja la kawaida. Anayeshuka asubuhi na kuingia moja kwa moja kwenye kikao anakihitaji kitanda hicho, na anayekwenda kutibiwa au mzee mwenye maumivu ya mgongo anakihitaji zaidi. Mfanyabiashara ambaye siku yake ya kwanza ugenini ataitumia kulala hotelini hakihitaji kwa kiwango hicho, na tofauti ya nauli ingeweza kumwongezea mzigo wa kurudi nao.

Kukata tiketi

Nauli ya daraja la biashara mara nyingi huwa mara mbili hadi nne ya ile ya kawaida, na hubadilika kwa majira na kwa jinsi ndege inavyojaa. Usiridhike na bei moja. Linganisha safari zinazoanzia Dar es Salaam na zile zinazoanzia Kilimanjaro, Nairobi au Entebbe, kwa kuwa shirika lilelile linaweza kuuza kitanda kilekile kwa bei tofauti kutegemea mji unaoanzia. Hata hivyo, katika ulinganisho huo ongeza nauli ya basi hadi Sirari na kuendelea, malazi, na siku inayopotea. Nafuu nyingi za namna hiyo huyeyuka zikishawekwa kwenye karatasi.

Jambo ambalo mkazi wa Kanda ya Ziwa anapaswa kulisisitiza kwa wakala wake ni kwamba kipande cha Mwanza–Dar es Salaam kiwe ndani ya tiketi moja na safari ya kimataifa, kila inapowezekana. Tiketi ikiwa moja, mzigo unaweza kufungwa lebo Mwanza hadi mwisho wa safari, kiwango cha mizigo cha safari ndefu hutumika kote, na ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, mashirika yanawajibika kukutafutia nyingine. Tiketi zikiwa mbili zisizofungamana, kila moja inasimama peke yake: kuchelewa kwa ndege ya Mwanza ni hasara yako, na tiketi ya mamilioni inaweza kuhesabiwa kuwa ni ya abiria ambaye hakutokea.

Ukikabidhiwa tiketi, soma herufi ya daraja iliyoandikwa kwa kila kipande. Kwa desturi ya mashirika mengi, J, C, D, I na Z ni herufi za daraja la biashara, ilhali Y ni ya kawaida. Ni jambo la kawaida kabisa kukuta kipande cha ndani kimeandikwa Y katika tiketi iliyouzwa kama ya biashara, kwa sababu ndege nyingine za propela hazina daraja hilo. Si udanganyifu, ila ni vyema ukalijua mapema. Soma pia masharti ya nauli yenyewe. Tangu mwaka 2019 Emirates limekuwa likiuza nauli ya biashara ya bei ya chini ambayo haikupi haki ya kuingia launji, yaani ukumbi maalumu wa kusubiria ndege, na mashirika mengine yana nauli za namna hiyo ambazo huzuia hata kuchagua kiti bure. Binafsi naona nauli hizo ni nzuri kwa anayefuata kitanda, alimradi ajue alichoacha. Kinachoumiza zaidi ni sharti la kutorejeshewa fedha: wengi hudhani kwamba tiketi ghali hurejeshwa daima, na sivyo.

Njia nyingine ya kufika mbele ni kupandishwa daraja. Mashirika kadhaa humwandikia abiria wa kawaida siku chache kabla ya safari na kumwalika ataje dau la nyongeza. Dau likikubaliwa unahamishwa. Lisipokubaliwa hulipi kitu. Kwa msafiri asiye na presha ya usingizi, hii ndiyo njia ninayoipenda, ingawa haifai kwa mgonjwa, kwa kuwa jibu linaweza kuchelewa hadi siku moja kabla. Pia jiandikishe katika mpango wa maili wa shirika unalolitumia, yaani pointi ambazo abiria hujikusanyia kwa kusafiri nalo. Ethiopian Airlines na Turkish Airlines yote yamo katika muungano wa Star Alliance, hivyo maili za moja zinaweza kuhesabiwa kwa jingine, na daraja la biashara huzalisha maili nyingi zaidi kwa safari ileile.

Kuchagua kiti

Uliza aina ya ndege, kisha uliza mpangilio wa viti. Ukiambiwa 1-2-1, maana yake ni kiti kimoja kila upande wa dirisha na viwili katikati, na kila abiria anaufikia ujia bila kumruka mwenzake. Ukiambiwa 2-2-2, aliyeko dirishani itambidi avuke miguu ya jirani yake aliyelala ili aende msalani. Ukiambiwa 2-3-2, yupo mtu mmoja katika kila safu ambaye amelipa nauli ya biashara na bado ameketi katikati ya wawili, jambo ambalo kwa maoni yangu halikubaliki hata kidogo kwa bei ile. Qatar Airways lilianzisha mwaka 2017 vyumba vidogo vyenye mlango wa kusukuma, lakini havimo katika kila ndege ya shirika hilo, na ndege inaweza kubadilishwa siku ya safari. Kwa hiyo angalia upya siku moja kabla.

Anayesafiri peke yake achukue dirisha katika ndege ya 1-2-1, na mke na mume wachukue viwili vya katikati. Epuka safu iliyo jirani na jiko la ndege au vyoo, maana mwanga, harufu ya kahawa na mazungumzo ya wahudumu havikomi usiku kucha. Epuka pia safu ya mbele kabisa iliyo na ukuta, kama hutaki jirani mwenye kitanda cha mtoto mchanga, kwa kuwa hapo ndipo vitanda hivyo hufungwa. Isitoshe, katika ndege nyingi miguu huingia ndani ya uwazi ulio chini ya meza ya kiti cha mbele, na uwazi huo huwa mwembamba. Mtu mrefu au mnene aulize ni safu zipi zina uwazi mpana, kwani mara nyingi ni zile zenye ukuta mbele yake, na hapo itabidi achague kati ya miguu yake na kilio cha mtoto.

Mizigo, na habari ya samaki

Kiwango cha kawaida cha daraja la biashara ni ama mabegi mawili yasiyozidi kilo 32 kila moja, ama jumla ya kilo 40 zinazogawanywa upendavyo. Daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23 kwa begi. Begi moja halipaswi kupita kilo 32 hata ukiwa tayari kulipia, kwa kuwa kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Usidhani pia kwamba daraja kubwa hukupa fidia kubwa begi likipotea. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaweka kikomo kimoja kwa abiria wote, hivyo dhahabu, fedha taslimu, dawa na nyaraka vikae mkononi.

Mtu wa Mwanza akienda kwa ndugu ughaibuni hataki kwenda mikono mitupu, na zawadi inayotarajiwa inajulikana. Umoja wa Ulaya unamkataza abiria kuingia na nyama au maziwa kutoka nchi kama yetu, lakini unaruhusu samaki wa matumizi binafsi hadi kilo 20, sharti aliye mbichi awe ametolewa matumbo. Sato aliyekaushwa au kubanikwa vizuri husafiri salama zaidi kuliko aliyegandishwa, kwa sababu barafu huyeyuka katika saa za kusubiri Doha au Addis Ababa na maji yake yakavuja kwenye mabegi ya watu wengine. Funga kwa tabaka kadhaa, kisha weka ndani ya sanduku gumu lenye mfuniko, na lipeleke sehemu ya mizigo mikubwa. Usipande na dagaa kwenye kabati la juu ya viti. Dagaa hawafichiki, na abiria wenzako wamelipa sawa na wewe. Kila nchi ina kanuni zake, kwa hiyo anayekwenda nje ya Umoja huo athibitishe za huko, na popote uendapo litaje jambo lenyewe kwenye fomu ya forodha.

Katika begi la mkononi, vimiminika na losheni visizidi mililita 100 kwa chupa, vyote katika mfuko mmoja unaoonekana ndani. Betri ya akiba ya kuchajia simu hairuhusiwi kabisa katika mzigo mkubwa; ibebe mkononi, na isizidi wati-saa 100, ambazo ni takriban mAh 27,000. Baadhi ya mashirika sasa yanakataza hata kuitumia angani, lakini kiti cha biashara huwa na soketi yake.

Kutoka ziwani hadi Jengo la Tatu

Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu ndege nyingi za kimataifa huondoka Dar es Salaam usiku wa manane. Safari iliyoandikwa tarehe 15 saa 03:40 ni ya saa tisa na dakika 40 usiku, na inakutaka uwe uwanjani tangu usiku wa tarehe 14. Anayefika usiku wa tarehe 15 amekwisha achwa.

Panga ndege ya Mwanza kwa nafasi ya kutosha. Majira ya mvua, ngurumo za ziwani hupiga sana usiku na alfajiri, na ndege ya asubuhi inaweza kuchelewa kutua au kuondoka. Kama tiketi zako hazifungamani, nenda Dar es Salaam siku moja kabla, na gharama ya kulala huko uihesabu kuwa ni bima. Wanaotoka Geita na Sengerema wamepata nafuu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa kuwa foleni ya kivuko haimo tena katika hesabu ya muda wa kufika uwanjani.

Dar es Salaam, safari za kimataifa huhudumiwa katika Jengo la Tatu la Abiria la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019. Muulize mhudumu wa Mwanza ndege yako itakushusha jengo lipi, na kama ni jengo jingine, tenga muda wa kuchukua mizigo na teksi. Ukifika, tafuta kaunta yenye alama ya daraja la biashara na usisimame katika foleni ndefu. Kuna watu, hasa wazee wetu, ambao husimama saa nzima kwa kuona aibu kupita pembeni. Umelipia kupita pembeni. Anayesindikiza mzazi dhaifu aombe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, huduma ambayo hailipiwi katika daraja lolote, na anayesafiri baada ya upasuaji apate barua ya daktari inayothibitisha kuwa anafaa kuruka, kwa sababu shirika linaweza kuidai mlangoni.

Launji

Launji ni ukumbi wenye viti vizuri, chakula, intaneti na, katika viwanja vikubwa, mabafu. Ushauri wangu ni mfupi: kama ndege yako ni ya usiku, kula chakula chako kamili hapo launji. Ukishakula chini, hutalazimika kusubiri chakula cha angani, na saa mbili ambazo wengine watazitumia wakiwa wamekunja leso mapajani wewe utazitumia kulala. Kama unaunganisha ndege asubuhi, omba bafu mara tu unapofika, kwani orodha ya kusubiri hujaa haraka. Launji nyingi hazitangazi safari, hivyo angalia saa mwenyewe.

Ndani ya ndege

Ukiingia, mhudumu atakupokea kwa jina, atachukua koti lako na kukuletea kinywaji. Hakuna malipo yoyote, na bakshishi haitarajiwi. Tumia dakika hizo za kwanza kukijifunza kiti: vitufe vya kukilaza, mahali meza ilipojificha, ambako mara nyingi ni ndani ya mkono wa kiti, taa ya kusomea, soketi, na pa kuweka miwani usiku ili isidondoke katikati ya mitambo. Simu ikidondoka humo, usisogeze kiti, mwite mhudumu. Kiti kinachosogea kinaweza kuiponda simu, na betri iliyopondwa huwaka moto.

Utapewa kifuko chenye soksi, kinga ya macho, mswaki na losheni, na katika baadhi ya safari ndefu za usiku utapewa pia nguo za kulalia. Kifuko ni chako. Blanketi, mto na vipokea sauti si vyako, hata kama jirani ameshavikunja ndani ya begi lake.

Mwambie mhudumu mapema mpango wako wa usiku. Sentensi moja ya heshima inatosha: kwamba utalala mara baada ya ndege kutulia, usiamshwe kwa chakula, na uamshwe saa moja na nusu kabla ya kutua. Baadhi ya mashirika hukuruhusu kula saa yoyote utakayo, mengine hugawa kwa zamu, lakini karibu yote hukubali kukuwekea chakula chako. Wenye mahitaji maalumu, kama vile chakula cha kisukari au kisicho na nyama, waagize angalau siku mbili kabla. Vyakula vya Emirates na Qatar Airways ni halali tangu mwanzo, ingawa pombe hutolewa kwa anayeitaka. Usishangae chakula kikikosa ladha, maana hewa kavu na mgandamizo mdogo hupunguza uwezo wetu wa kuonja chumvi na sukari, na hata mpishi bora huwa ameshindana na hilo.

Kulala kuna utaratibu wake. Vaa nguo nyepesi zisizobana, nenda msalani kabla foleni haijaanza, omba kitandiko kama hakijawekwa, laza kiti hadi kigote, kisha funga mkanda juu ya blanketi na si chini yake. Hili la mwisho ni dogo lakini ndilo linalookoa usiku: ndege ikitikisika, mhudumu hupita akikagua mikanda, na asipouona wako atalazimika kukuamsha. Geuza saa yako iwe ya unakokwenda tangu unapoketi. China iko mbele yetu kwa saa 5 na India kwa saa mbili na nusu, ilhali London iko nyuma yetu kwa saa 2 au 3 kutegemea majira. Kwenda mashariki humsumbua mtu zaidi kuliko kwenda magharibi, kwa kuwa mwili hukubali kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi, na kwa sababu hiyo msafiri wa Guangzhou ana haki zaidi ya kukifuata kitanda kuliko wa London.

Kuhusu hewa, mtu wa Mwanza ana nafuu kidogo asiyoijua. Ndani ya ndege mgandamizo hushushwa hadi kufanana na wa mlima wenye urefu usiozidi mita 2,400, na katika Boeing 787 na Airbus A350 usiozidi mita 1,800. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo anayeishi hapa anapanda hatua chache kuliko mtu wa Tanga au Lindi. Ukavu ndio tatizo kwa wote, kwani unyevu wa hewa ya ndani mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20. Kunywa maji kidogo kidogo bila kusubiri kiu, paka losheni mikononi na midomoni, vua lenzi za macho, na upunguze mvinyo, ambao hukausha mwili na kuukatakata usingizi hata kama unaonekana kuuleta.

Wala kitanda kisikupumbaze kuhusu damu kuganda miguuni. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi, kwa sababu ya kukaa muda mrefu bila kujongea, na abiria wa mbele naye hukaa bila kujongea anapotazama filamu tatu mfululizo. Chezesha vifundo vya miguu, tembea kwenye ujia kila unapoamka, na mwenye historia ya ugonjwa huo, mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kabla ya safari.

Kushuka, kuunganisha na kurudi

Abiria wa daraja la biashara hushuka mwanzo na mizigo yao hubandikwa lebo ya kipaumbele, ambayo katika viwanja vingine huheshimiwa na katika vingine ni pambo. Uliza kama pasi yako ya kupandia ndege inakupa njia ya haraka ya uhamiaji au ya ukaguzi wa usalama. Katika baadhi ya viwanja mashirika hutoa kadi ya njia hiyo ndani ya ndege, na asiyeomba hapewi.

Wakati wa kurudi, hesabu ya mizigo hugeuka kwa aliyekata tiketi mbili. Kilo 64 zilizosafiri bure kutoka ng'ambo hushushwa Dar es Salaam, hupita forodha, kisha hufika kwenye kaunta ya ndege ya Mwanza ambako kiwango chako huenda ni kilo 23 tu. Uliza bei ya kila kilo inayozidi kabla ya kufungua pochi, maana jumla yake inaweza kuikaribia nauli yenyewe. Mali isiyovunjika wala kuhitajika haraka ni nafuu kuituma kwa basi kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi, ikiwa na jina na namba ya simu ya mpokeaji pande zote mbili za mzigo, na utaipokea Nyegezi kesho yake au keshokutwa kwa kuonyesha risiti.